Uvimbe wa ovari: upi wa kusubiri, upi wa kukimbilia hospitali

Mbalamwezi inapowaka juu ya ziwa, mwalo wa Kirumba, Mwanza, hupoa. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi hulala ufukweni na akina mama wachuuzi hupata siku chache za kukaa na kuongea. Siku moja ya namna hiyo nilikwenda kununua dagaa, nikamkuta mama mmoja ameketi juu ya gunia, mkononi ana bahasha ya kaki. Alikuwa ametoka kupiga altrasaundi asubuhi ile. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya kijivu na nyeusi, na karatasi moja ya Kiingereza. Kwa Kiswahili alikuwa ameambiwa sentensi moja tu: "Mama, una uvimbe kwenye kizazi."

Ushauri ulimfikia kabla hajamaliza kusimulia. Mmoja alimwambia akautoe haraka kabla haujageuka saratani. Mwingine alisema chanzo ni sindano za uzazi wa mpango, aziache leo leo. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua dagaa alisema hilo ni chango tu, lina mizizi yake. Wa nne tayari alikuwa na namba ya simu ya mtu anayeuza dawa ya kuyeyusha uvimbe, dozi ya miezi mitatu. Wote walimpenda na wote walitaka kumsaidia. Ila hakuna aliyeuliza swali ambalo lingebadilisha kila kitu: uvimbe gani, na uko wapi hasa?

Tuanze na neno lenyewe, "kizazi". Mitaani tunalitumia kwa kila kilichomo chini ya kitovu cha mwanamke, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Humo ndani kuna mji wa mimba, ambao ni mfuko wa msuli anamokaa mtoto. Kuna mirija miwili, kulia na kushoto. Na mwisho wa kila mrija kuna ovari, kiungo kidogo cha sentimita 3 hivi, karibu sawa na korosho kubwa, kinachotunza mayai na kutengeneza homoni za kike. Uvimbe unaoota kwenye ukuta wa mji wa mimba mara nyingi ni fibroidi, kinundu kigumu cha msuli. Uvimbe wa ovari mara nyingi ni kifuko chenye maji. Ni vitu viwili tofauti, na matibabu yake hayafanani. Mwanamke anayetumia dawa ya jirani kwa sababu "na yeye alikuwa na uvimbe kwenye kizazi" huenda anatibu kitu asichokuwa nacho.

Kwa watu wa ziwani, kifuko ndani ya mwili si jambo geni. Ukimpasua sangara unakuta bondo, kifuko cha hewa ambacho siku hizi wafanyabiashara wanakigombania kuliko minofu. Hakuna anayesema sangara mwenye bondo alikuwa mgonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Ovari nayo imeumbwa kutengeneza vifuko. Kila mwezi, kwa mwanamke anayepata hedhi, vifuko kadhaa huanza kukua, kimoja hutangulia wenzake, hujaa maji, na ndani yake yai huiva. Kikifika kama sentimita 2 hupasuka, yai hutoka na kuingia kwenye mrija. Kifuko kilichobaki hugeuka kuwa kiwanda kidogo cha homoni cha siku 14 hivi. Mimba isipoingia, hunyauka na hedhi inakuja.

Mambo mawili huweza kwenda kombo hapo. Kifuko kinaweza kukataa kupasuka, kikaendelea kujaa maji hadi sentimita 3, 4, hata 6. Au kinapasuka vizuri, yai linatoka, kisha kinajifunga tena na kujaa maji au damu kidogo. Hizi ndizo aina mbili za uvimbe wa ovari zinazoonekana zaidi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ni mwili ule ule, kazi ile ile ya kila mwezi, safari hii imechelewa kumaliza.

Na kwa kawaida uvimbe wa namna hii huondoka wenyewe. Maji yake hunywewa na mwili, au kifuko hupasuka kimya kimya, ndani ya mizunguko miwili mitatu ya hedhi. Hauhitaji kuyeyushwa, kusafishwa wala kukatwa.

Dawa iitwayo kusubiri

Najua jinsi inavyoumiza kuambiwa "nenda nyumbani, urudi baada ya wiki nane". Mdogo wangu, anayeishi Buhongwa, aliambiwa hivyo na akatoka analia. Alikuwa amelipa nauli, amelipa kadi, amelipa kipimo, na anarudi mikono mitupu. Alijiona hajatibiwa. Siku mbili baadaye alikwenda kwenye zahanati moja, akaandikiwa sindano za antibayotiki kwa siku tano na vidonge vya majira, vile vya uzazi wa mpango, "vya kuusinyaza". Hela aliyotumia ilikuwa mtaji wake wa vitumbua.

Antibayotiki hupambana na bakteria. Kifuko cha maji hakina bakteria wa kuuawa. Ni kweli kuna hali ambapo mrija na ovari hujaa usaha kutokana na maambukizi, na hapo antibayotiki ndiyo tiba ya kwanza, lakini mgonjwa wa aina hiyo huwa na homa, maumivu makali, mara nyingi na uchafu unaonuka, na anajijua kuwa anaumwa. Mdogo wangu hakuwa na dalili hata moja.

Vidonge vya majira navyo vinahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu hata baadhi ya watoa huduma bado wanaviandika kwa mazoea. Tafiti zilizolinganisha wanawake waliomeza vidonge na wale waliosubiri tu zimeonyesha kuwa uvimbe uliokwishatokea haupotei haraka zaidi kwa vidonge. Kazi vinayofanya ni nyingine: vinazuia yai kuiva, kwa hiyo vinapunguza uvimbe mpya. Mwanamke ambaye kila baada ya miezi michache anapata uvimbe wa aina hii anaweza kufaidika navyo. Wa mara moja hana haja.

Sasa rudi kwa yule muuza dawa ya miezi mitatu. Mwanamke anapima leo, uvimbe upo. Anakunywa chupa zake, anapima tena baada ya miezi mitatu, uvimbe haupo. Ana karatasi mbili mkononi, moja yenye uvimbe na nyingine safi, na anatoa ushuhuda kwa moyo mweupe kabisa. Hadanganyi. Ila kilichotokea kingetokea hata angekunywa maji ya kunde. Ni sawa na mtu akuuzie dawa ya kuondoa mbalamwezi ili dagaa warudi: meza siku 14, na kweli giza litaingia na mitumbwi itatoka. Kila mvuvi wa Kirumba angemshtukia huyo muuzaji, kwa sababu anaujua mwendo wa mwezi. Mwendo wa ovari ndio hatujafundishwa.

Ningeiacha habari hiyo hapo kama hasara ingekuwa hela peke yake. Baadhi ya dawa hizo huwekwa ukeni na kuunguza ngozi laini ya ndani. Nyingine hazijulikani zina nini, na ini na figo ndivyo vinavyopokea mzigo. Na kuna kukandwa tumbo kwa nguvu, jambo linaloweza kupasua kifuko au kuisokota ovari. Hasara kubwa zaidi ni muda, kwa sababu uko uvimbe ambao hauondoki.

Uvimbe usiojua kuondoka

Upo uvimbe ambao ukiupasua unakuta mafuta mazito, nywele, wakati mwingine hata meno. Nimewasikia watu wakisema huo ni mkono wa mtu, mwanamke amerogwa. Maelezo yake ni haya. Yai la mwanamke ndiyo chembe inayoweza kujenga mwili mzima: ngozi, nywele, mfupa, jino. Mara chache chembe moja ya yai huanza kujenga ikiwa bado ndani ya ovari, bila mbegu ya mwanamume, bila mpangilio. Inatengeneza vipande vya ngozi na nywele ndani ya kifuko. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, hukua polepole sana, na kwa sehemu kubwa si saratani. Hakuna kidonge wala mti unaoweza kuyeyusha jino. Ukiwa mdogo na hausumbui, daktari anaweza kuufuatilia kwa altrasaundi. Ukikua, unaondolewa kwa operesheni, na mara nyingi ovari yenyewe huachwa.

Upo mwingine uliojaa damu nzito ya zamani, rangi yake kama kahawa iliyokolea. Huu unatokana na nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba kuota mahali pasipo pake. Kila mwezi nayo inatoa damu, lakini damu haina njia ya kutokea. Dada mwenye uvimbe huu mara nyingi amekuwa akiumwa hedhi tangu msichana, anaumwa wakati wa tendo la ndoa, wakati mwingine hata akienda haja kubwa, na miaka yote ameambiwa avumilie kwa sababu ni chango. Naomba tulitazame upya neno hilo. Maumivu ya hedhi yanayomfanya mtu akose shule au ashindwe kufungua genge kila mwezi ni ugonjwa unaostahili kupimwa. Matibabu yake ni dawa za maumivu na dawa za homoni zinazotuliza hedhi, na pale inapobidi, operesheni. Hapa daktari mzuri hupima kwa makini, maana kila upasuaji kwenye uvimbe huu huondoka na baadhi ya mayai mazima, na uvimbe wenyewe una tabia ya kurudi. Mwanamke anayetafuta mtoto aseme hivyo mapema kabla ya tarehe ya operesheni kupangwa.

Wa tatu ni ule unaotoka kwenye ngozi ya nje ya ovari, ukajaa maji au ute. Huu ndio unaoweza kukua hadi tumbo likaonekana kama la mimba. Huo huondolewa. Ila si kila tumbo kubwa kwetu huku ni ovari: ukanda wa ziwa una kichocho cha tumbo, ambacho kwa miaka hukuza bandama na kujaza maji tumboni. Altrasaundi ndiyo inayotenganisha.

Kuna pia jina linalowachanganya wengi, "mayai yenye vifuko vingi", ambalo hospitali hulifupisha PCOS. Vile vinavyoonekana kwenye picha si uvimbe. Ni vifuko vidogo vya milimita chache ambavyo vilianza safari ya mwezi vikasimama njiani, kwa sababu homoni zimevurugika. Huyu anatibiwa homoni: kupunguza uzito kama umezidi, vidonge vya kupanga hedhi, dawa za kuivisha yai kama anatafuta mtoto. Kumpeleka theatre "akatolewe uvimbe" si tiba yake.

Sentimita zina maana gani

Kwenye ile karatasi ya Kiingereza, tafuta namba. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, uvimbe wa maji matupu, wenye ukuta mwembamba, usiozidi sentimita 5, yaani urefu wa yai la kuku, kwa kawaida hauhitaji matibabu. Wengi hurudia picha mara moja baada ya wiki 6 hadi 12 kujiridhisha. Kati ya sentimita 5 na 7 hufuatiliwa kwa karibu zaidi. Ukipita 7, ukubwa wa chungwa, daktari hutaka vipimo zaidi au hufikiria kuutoa, hata kama ni maji matupu.

Namba peke yake haitoshi. Uvimbe wa sentimita 4 wenye nyama ngumu ndani, kuta nene, au maji yaliyotapakaa tumboni unatia wasiwasi kuliko wa sentimita 6 wenye maji safi. Umri nao una uzito mkubwa. Kwa mama ambaye hedhi imeshakoma, ovari haina tena kazi ya mwezi, kwa hiyo kifuko kipya hakiwezi kusingiziwa yai. Si lazima kiwe saratani, na mara nyingi sicho, lakini lazima kichunguzwe. Mama wa umri huo anayejaa tumbo, anayeshiba kwa matonge machache, anayekonda na kukojoa mara kwa mara kwa wiki kadhaa asipoteze muda kwenye dawa za gesi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina kitengo cha saratani, na rufaa huanzia kituo chochote cha karibu.

Kuna kipimo cha damu kiitwacho CA-125 ambacho watu hukipima wenyewe maabara, kisha wanakosa usingizi. Kiwango chake hupanda kwenye saratani ya ovari, ndiyo. Hupanda pia kwenye fibroidi, maambukizi ya via vya uzazi, kifua kikuu cha tumbo, mimba, na hata mtu akiwa hedhini. Kwa mama aliyekoma hedhi kinasaidia sana. Kwa binti wa miaka 24 mwenye kifuko cha maji, mara nyingi kinaleta hofu tu.

Usiku usio wa kusubiri

Fikiria embe dodo kwenye kikonyo chembamba, upepo ukalizungusha. Ovari nayo inaning'inia kwenye kikonyo chenye mishipa ya damu, na ikibeba uvimbe, hasa uliozidi sentimita 5, inaweza kujisokota. Damu inakatika. Maumivu huja ghafla, upande mmoja wa chini ya tumbo, makali kiasi cha kumkunja mtu, na mara nyingi kutapika. Wakati mwingine yanaachia kidogo kisha yanarudi, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Huyu asipewe dawa ya maumivu akalala kusubiri asubuhi. Ni suala la saa. Akifunguliwa mapema, daktari huinyoosha ovari na kuirudisha. Hata ikiwa imeiva rangi ya zambarau, mara nyingi hupona. Akichelewa, ovari hufa. Nawafikiria hasa wanawake wa Ukara, Irugwa na visiwa vingine, ambako kivuko kina saa zake na usiku ni mtumbwi. Mwenye uvimbe mkubwa unaosubiri operesheni, akiwa na ndugu upande wa Mwanza au Nansio, ni vema wiki hizo akae karibu na hospitali.

Dharura nyingine ni kifuko kupasuka na kuvuja damu. Kupasuka kwenyewe kwa kawaida si hatari: vingi hupasuka, vinauma siku moja mbili, mtu anapumzika na dawa ya maumivu basi. Kizunguzungu, jasho baridi, kuzimia, tumbo kuwa gumu, hizo ni dalili za damu kumwagikia ndani. Na kwa mwanamke yeyote mwenye dalili hizi, kipimo cha mkojo cha mimba kifanyike kwanza, kwa sababu mimba iliyotunga kwenye mrija hufanana nazo na huua.

Ikibidi kisu

Kuna operesheni ya kuuchomoa uvimbe na kuacha ovari, na kuna ya kuondoa ovari yote. Kwa ambaye bado anataka kuzaa, ya kwanza ndiyo hupewa nafasi. Kuna pia njia ya kuingilia: matundu madogo na kamera, ambapo mtu hurudi kwenye kazi nyepesi baada ya wiki mbili hivi, au mkato wa kawaida, ambao unadai kama wiki 6 bila kubeba ndoo wala gunia. Uvimbe mkubwa sana au unaoshukiwa saratani kwa kawaida hutolewa kwa mkato, ili utoke mzima bila kumwagika. Kuunyonya maji kwa sindano tu hakushauriwi kwa wengi, kwa sababu ngozi ya kifuko inabaki na maji yanarudi.

Kabla ya kutia saini fomu, muulize daktari: mkikuta ovari imeharibika, mtaiondoa? Ya upande wa pili mtaigusa? Na kinachotolewa kitapelekwa maabara kupimwa? Una haki ya kujibiwa kwa Kiswahili, na mumeo au mama yako akiwepo kusikia ni bora zaidi.

Ovari moja inatosha. Wanawake waliobaki na moja wanapata hedhi na wanazaa, kwa sababu iliyobaki hufanya kazi ya zote mbili. Na mjamzito akikutwa na kifuko kwenye picha ya kwanza asiogope: mara nyingi ni kile kiwanda cha homoni kinachoilea mimba changa, na huondoka mimba ikifika miezi minne hivi.

Kuhusu sindano na vijiti vya uzazi wa mpango, ukweli uko katikati. Vijiti na kitanzi chenye homoni vinaweza kuleta vifuko vya maji kwa baadhi ya wanawake, navyo kwa kawaida hupotea bila kutoa kijiti. Sindano yenyewe huzuia yai kutoka, kwa hiyo kuilaumu kwa kila uvimbe si haki.

Mama wa Kirumba aliniruhusu nimsomee karatasi yake. Ovari ya kulia, kifuko cha maji matupu, ukuta mwembamba, sentimita 4.2 kwa 3.8. Mji wa mimba mzima, ovari ya kushoto nzima. Ana miaka 33 na hedhi yake haijawahi kuruka. Nilimshauri airudie picha baada ya wiki nane, siku chache baada ya hedhi kukatika, wakati ovari imetulia. Aende mahali pale pale alipopimwa, abebe karatasi ya kwanza ili walinganishe, na anywe maji ya kutosha asikojoe mpaka aitwe. Akaomba kalamu kwa kijana wa mizani, akahesabu kwa vidole miezi miwili ya giza na mwanga, na kuandika tarehe juu ya bahasha.